Maswali na Majibu: Kope Zinazolegea Ikifika Alasiri

*Daktari, asubuhi macho yangu yako sawa, lakini ikifika alasiri kope hulegea na naona vitu viwiliviwili. Nimeambiwa ni presha.*

Presha hailegezi kope kwa kufuata saa. Dalili zako zinafanana na miasthenia gravisi, na unapaswa kuonwa na daktari wa mishipa ya fahamu.

Mshipa wa fahamu haugusani na msuli, kwani kati yao upo mwanya mwembamba. Ncha ya mshipa humwaga kemikali iitwayo asetilikolini, nayo huvuka mwanya huo na kunasa kwenye vipokezi vya msuli, ndipo msuli unapokaza. Katika ugonjwa huu, kingamwili zilizopaswa kupambana na vijidudu huviziba na kuviharibu vipokezi hivyo. Msuli unapotumika mfululizo, asetilikolini inayomwagwa hupungua kidogo kidogo. Mwenye afya hahisi lolote kwa sababu vipokezi vyake vina akiba, lakini mgonjwa hana akiba hiyo, na ndiyo maana huanza kula nyama vizuri akamalizia akiwa ameshikilia taya kwa mkono. Bibi mmoja tulimwekea glovu yenye barafu juu ya kope iliyolala, na baada ya dakika mbili jicho likafunguka, kwa kuwa baridi hupunguza kasi ya kimeng'enya kinachovunja asetilikolini.

*Je, ugonjwa huu unaambukiza?*

Hauambukizi. Wala hakuna aliyekuroga.

*Naomba jina la dawa ninunue.*

Swali hili huletwa kila mara bila umri, bila vipimo na bila kutaja dawa nyingine anazotumia mwulizaji. Jina nitalitaja, ila duka la dawa si mahali pa kuanzia tiba hii. Mwaka 1934, Dkt. Mary Walker wa Greenwich, London, aliona kuwa wagonjwa hawa wanafanana na watu waliodhuriwa na kurare, sumu ya mishale, akawapa dawa inayoipinga sumu hiyo, nao wakapata nguvu kwa muda. Piridostigmini ya leo ni ya ukoo huohuo: huikinga asetilikolini isivunjwe upesi, lakini kingamwili haizigusi. Prednisoloni huzituliza, ila ikianzwa kwa dozi kubwa inaweza kuzidisha udhaifu katika wiki za mwanzo, kwa hiyo usiianze mwenyewe.

Kinachonitia hofu zaidi ni dawa mnazonunua kwa ajili ya magonjwa mengine. Kwinini, gentamaisini, siprofloksasini, azithromaisini na hata propranololi ya presha zinaweza kuudhoofisha zaidi msuli wa mgonjwa huyu, ukiwemo ule wa kupumulia. Homa nayo haifai kuachwa, maana maambukizi yenyewe huweza kumkatia pumzi. Mwambie anayekutibu una ugonjwa gani kabla hajashika sindano. Ukianza kupaliwa na mate au kushindwa kumaliza sentensi kwa pumzi moja, nenda hospitali saa hiyohiyo.

*Mume wangu anaumwa macho, kwa nini apigwe picha ya kifua?*

Kwa sababu ya tezi ya thaimasi, iliyo nyuma ya mfupa wa kidari, ambako kinga ya mwili hupata mafunzo yake. Takriban mgonjwa mmoja kati ya 10 ana uvimbe humo, nao huondolewa. Hata pasipo uvimbe, utafiti uliotolewa mwaka 2016 ulionyesha kuwa wagonjwa wenye kingamwili dhidi ya vipokezi walioondolewa tezi na kupewa prednisoloni walipata nafuu kuliko waliopewa prednisoloni peke yake. Mwache apigwe, mama.

*Nina ugonjwa huu na nina mimba ya miezi mitano. Nijifungulie wapi?*

Katika hospitali kubwa yenye mashine ya kupumulia na daktari wa watoto, kwa kuwa baadhi ya watoto huzaliwa wakiwa wamelegea kwa wiki kadhaa, hadi kingamwili za mama ziwaishe mwilini. Kifafa cha mimba kwa kawaida huzuiwa kwa sindano ya magnesiamu salfeti, ambayo kwako ni hatari. Waombe wakuandikie hilo kwa wino mwekundu juu ya jalada la kadi yako ya kliniki, mahali ambapo mkunga wa zamu ya usiku ataliona kabla hajaifungua.