Mfuko wa kolostomi unabanduka kwa sababu ya ngiri: mimi nilivyopata unaokaa

Kaka uliyeuliza juu ya bimkubwa, pole kwa kuuguza. Umesema ana kolostomi (utumbo mpana umetolewa nje kupitia tumboni, choo kinaingia mfukoni), pembeni ya stoma, yaani mdomo wa huo utumbo uliotolewa nje, pametokea uvimbe unaotuna akisimama, na mfuko anaoubandika asubuhi unaachia kabla ya adhuhuri. Ndiyo hali yangu, huu mwaka wa 6. Daktari aliponiambia ni ngiri nilicheka, maana Tanga nimekua nikijua ngiri ni ya wanaume. Kumbe msuli wa tumbo ukishatobolewa kupitisha utumbo, pale pale panaweza kulegea na utumbo mwingine ukajipenyeza.

Mimi nilianza kwa kudhani mfuko wa bei kubwa ndio utashika. Nikanunua wa vipande viwili, kibandiko mbali na mfuko mbali, ule wenye ringi ngumu ya kuviunganisha. Kitandani ulikaa vizuri kabisa. Jioni nikakalia mbuzi kukuna nazi, nikainama, nikasikia uvuguvugu unateremka ubavuni. Tumbo limekunjika, ringi imegoma kukunjika. Gauni, kanga, nazi yenyewe... wacha tu.

Nikahamia wa kipande kimoja, wenye kibandiko laini kinachojikunja na mwili, na hapo ndipo nilipopumua. Nakipasha joto kwapani dakika chache kabla ya kubandika, na ukingo wake naukata vijichano vidogo kuzunguka (mbali na tundu la kupitisha stoma!) ili ulalie mviringo wa uvimbe bila makunyanzi. Choo hupita kwenye makunyanzi hayo hayo. Nikishabandika naufunika kwa kiganja kama dakika 5. Na asipake mafuta ya nazi hapo, gundi haitashika.

Stoma yake pia ipimeni upya. Ngiri ikikua huivuta, iliyokuwa duara inakuwa kama yai. Mpime akiwa amelala, amekaa na amesimama, kisha tundu lizidi stoma kwa milimita 2 au 3 tu. Yangu siioni tena kwa sababu ya uvimbe, kwa hiyo nasimama mbele ya kioo.

Kuna vibandiko vilivyobonyea kama bakuli, vimetengenezwa kwa matumbo yaliyotuna. Kampuni ya Coloplast inavyo, vinaitwa SenSura Mio Concave. Ukimpatia, mjaribishe. Ila vile vilivyotuna kuelekea tumboni, ambavyo wauzaji huvisifia kwamba vinazuia kuvuja, usimnunulie kabla nesi wa stoma hajamwona. Vinakandamiza, na vinaweza kumchubua.

Mkanda wa tumbo unasaidia, lakini avae akiwa bado amelala, uvimbe ukiwa umerudi ndani. Mimi niliuvaa nimesimama miezi mizima, nikaishia kulaumu mkanda. Na mfuko amwage ukifika theluthi au nusu, kwa sababu uzito wake nao unaivuta gundi. Mimi namwaga kabla ya kuswali, sijdani ndiko ulikokuwa ukiniaibisha.

Ndoo ya maji asiibebe tena, wajukuu wapo.

Ila akianza kuumwa tumbo sana, akatapika, stoma ikaacha kutoa choo au ikageuka nyeusi, achaneni na habari ya mifuko, mkimbizeni hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku.

Sasa niambie: anapovuja, unyevu unaanzia upande wa juu, chini au ubavuni? Mwambie mkibandua mtazame mgongo wa kibandiko, gundi imelika upande gani.