Taa ilikuwa inawaka, meli ikazama vipi?

SWALI: Mhariri habari za kazi. Mi na shemeji tumebishania ile manowari ya Waturuki iliyozama Japani zamani, ye anasema ilizama chini ya mnara wa taa na taa inawaka kabisa. Nikamwambia acha uongo, sasa taa kazi yake nini? Tumewekeana kreti ya soda, tuamulie.
Msomaji, Tanga

JIBU: Pole ndugu, shemeji kakupiga. Meli ni Ertuğrul, ya mbao, ya sultani, ilikuwa inarudi kwao kutoka Yokohama, na mnara ni wa Kashinozaki kwenye kisiwa cha Oshima, mkoa wa Wakayama. Ule mnara uliwashwa 1870, ndo wa mawe mkongwe kuliko yote Japani, na haukujengwa kwa hiari sana manake 1866 Waingereza, Wafaransa, Wamarekani na Waholanzi waliibana Japani kwenye mkataba wa ushuru iweke taa pwani, meli zao zilikuwa zinaangamia. Fundi akatoka Skotilandi, Richard Henry Brunton, na huyu kumbe alikuwa injinia wa reli, mambo ya minara kafundishwa chapchap kabla hajasafiri!

Sasa, taa kazi yake nini. Taa inakuonyesha mwamba ulipo, haikushikii usukani. Usiku wa 16 Septemba 1890 kimbunga kiliisukuma meli mpaka miambani, maji yakaingia kwenye mashine, boila likalipuka, watu zaidi ya 500 wakafa. Wakapona 69 tu. Na hawa ndo watakwambia taa ilifanya kazi, kwa sababu walitupwa ufukweni gizani, wamechanika, hawajui wapo wapi, wakaona mwanga juu ya jabali wakaanza kupanda kuufuata mpaka kwa watunza taa. Lugha hamna. Inasimuliwa mtunza taa alifungua kitabu cha bendera, wakaigusa ya kwao kwa kidole. Wanakijiji nao, wavuvi wa kipato cha kubahatisha, wakawapa nguo, viazi vitamu, na kuchinja hata wale kuku wa akiba ya siku ya shida.

Januari 1891 manowari mbili za Japani, Hiei na Kongō (jina la mlima huko kwao, sio ile ya Kinshasa) zikawafikisha Istanbul. Mnara upo hadi leo, na tangu 1999 kisiwani unavuka kwa daraja.

Kreti ni yake, mpelekee.