Daraja la tumbili asiyefika robo tatu ya kilo

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Hapa kwetu Diani mbega huvuka barabara kwa ngazi za kamba zilizotundikwa juu. Mjomba wangu baharia anasema Brazili wamemjengea tumbili mdogo daraja zima na kulipanda miti. Kwani huko kamba hazipatikani?
Msomaji, Ukunda

JIBU: Marahaba mwanangu. Mjomba hakukudanganya. Daraja hilo liko Silva Jardim, jimbo la Rio de Janeiro, juu ya barabara kuu ya BR-101, na lilikamilika mwaka 2020. Mwenyewe anaitwa tamarini simba wa dhahabu: manyoya yanang'aa rangi ya chungwa, shungi kama la simba, uzito gramu 600 hivi. Mama kwa kawaida huzaa pacha, na baba ndiye huwabeba sana mgongoni. (Akina baba wa Ukunda, mpo?)

Kamba hupatikana, lakini BR-101 imepanuliwa ikawa pana mno, na huyu ni kiumbe wa kujificha: hulala ndani ya mashimo ya miti, na mahali peupe mwewe humnyakua. Anataka majani juu ya kichwa chake. Isitoshe, msitu wake umekatwakatwa na malisho ya ng'ombe. Familia ikikwama kwenye kipande kimoja, vizazi vinavyofuata huzaana ndugu kwa ndugu. Kwangu mimi hilo ni baya kuliko gari linalogonga mmoja mmoja, maana halionekani.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 walibaki kama 200 tu msituni. Kuanzia 1984 wakaletwa wengine kutoka bustani za wanyama za ng'ambo. Baadhi, kwa kuzaliwa kizimbani, hawakujua hata kupita kwenye matawi yanayoyumba! Polepole wakaongezeka, wakafika 3,700 mwaka 2014. Kisha ikaja homa ya manjano, hii hii inayotudai kadi tukisafiri, ikafyeka karibu theluthi. Wataalamu wakaamua kuwakamata na kuwachanja, mmoja baada ya mwingine. Hesabu ya 2023 ilikuta 4,800.

Miche ya darajani nayo inahitaji muda kuwa miti. Na sehemu kubwa ya ardhi ya pande zote ni mashamba ya watu binafsi, kwa hiyo kazi ngumu iliyobaki ni kumshawishi mwenye ng'ombe atoe ukanda wa malisho yake upandwe msitu.