Witu ilikuwa nchi kweli?

SWALI: Shikamoo mhariri, niko Lamu, mwalimu katuambia Witu hapo bara ilikuwa na sultani wake, ni kweli?

JIBU: Marahaba mwanangu, kweli kabisa, na mi huumia watu wanavyopita Witu na basi bila kujua. Sultani Ahmed, waliyemwita Simba, Mnabahani, yaani wa ukoo uliotawala kisiwa cha Pate, 1885 alijiweka chini ya Wajerumani ili Zanzibar isimmeze, halafu 1 Julai 1890 Wajerumani wakawaachia Waingereza Witu, nao Wajerumani wakapewa kisiwa cha Heligoland huko Ulaya, yaani wenyeji hata hawakuulizwa! Septemba Wajerumani kadhaa wakauawa Witu, Oktoba Waingereza wakashusha jeshi kutoka manuari wakauchoma mji. Simba alishafariki, kitini alikuwa Fumo Bakari.