Laptopu nyembamba: maswali yenu na majibu yetu

Maswali ya safari hii yametoka kwa wenye laptopu nyembamba, zile za uzito wa kilo moja na ushei. Wembamba huo una gharama yake: betri imebanwa, feni ni ndogo au haipo kabisa, na sehemu nyingi zimelehemiwa moja kwa moja kwenye bodi, yaani ubao mkuu wa saketi. Ukijua mtengenezaji alipunguza nini, utaelewa matatizo mengi kabla hujamlipa fundi.

Usiku nafunga laptopu ikiwa na chaji asilimia 90 na kuitia begini. Asubuhi naitoa ina joto na imebaki asilimia 30. Imeharibika?

Mara nyingi haijaharibika. Laptopu nyingi za Windows za miaka ya karibuni hazilali usingizi mzito kama zile za zamani. Ukifunga kifuniko, skrini inazima lakini mfumo unabaki macho kidogo ili upokee ujumbe na masasisho. Ikitokea programu moja au kifaa kimoja kikakataa kutulia, prosesa inaendelea kuchapa kazi usiku kucha, na ndani ya begi joto halina pa kutokea.

Thibitisha kwanza. Fungua Command Prompt (dirisha la Windows la kuandikia amri), andika powercfg /a kisha ubonyeze Enter. Kwenye orodha ya hali zinazopatikana, ukiona S0 Low Power Idle, mashine yako ni ya usingizi huu mwepesi. Ukiona S3, ina usingizi wa zamani, na chanzo kitafutwe kwingine. Kumjua mla chaji ni nani, fungua Command Prompt kwa ruhusa za msimamizi na uandike powercfg /sleepstudy. Utapata faili la ripoti linaloonyesha kila kipindi cha usingizi, chaji iliyotumika, na programu au kifaa kilichokesha. Mara nyingi mhusika ni kadi ya Wi-Fi au kifaa cha USB kilichoachwa kimechomekwa.

Dawa ya uhakika ni kuifanya laptopu iingie kwenye Hibernate kila unapofunga kifuniko. Hapo yaliyomo kwenye RAM (kumbukumbu ya muda) huandikwa kwenye SSD (hifadhi ya kudumu) na umeme hukatwa karibu wote. Andika powercfg /hibernate on, tena kwa ruhusa za msimamizi. Kisha nenda Control Panel, Power Options, na kwenye mpangilio wa kufunga kifuniko uchague Hibernate kwa upande wa betri. Kuwaka tena kutachukua sekunde kadhaa zaidi, na kwa maoni yetu hiyo ni bei ndogo sana ukilinganisha na betri inayopikwa begini kila siku.

Tabia moja zaidi: chomoa chaja kwanza, ndipo ufunge kifuniko. Kuna mashine ambazo zikilala zikiwa kwenye umeme kisha zikachomolewa, huendelea kujiona ziko kwenye umeme na hazipunguzi kazi. Kwa MacBook, fungua mipangilio ya betri na uzime chaguo la kuamka kwa ajili ya mtandao.

Nikichaji, ganda la alumini linanitekenya vidoleni kama umeme mdogo. Ni hatari?

Kwa kawaida si hatari, lakini sababu yake ni halisi. Ndani ya chaja kuna kapasita ndogo kati ya upande wa umeme mkubwa na upande unaokwenda kwenye laptopu. Kazi yake ni kuzuia kelele za umeme. Kupitia hapo huvuja mkondo mdogo sana, chini ya miliampea 1. Plagi ikiwa ya pini mbili, mkondo huo hauna njia ya kwenda ardhini, basi hukaa kwenye ganda la chuma mpaka kidole chako kiwe njia. Laptopu ya plastiki ina hali hiyohiyo, ila plastiki haikufikishii.

Tumia kichwa cha chaja chenye waya wa ethi, na uchomeke kwenye soketi yenye ethi ya kweli. Angalia pini ya tatu pia: kwenye chaja nyingi ndogo ni ya plastiki na kazi yake ni kufungua soketi tu. Mtekenyo ukigeuka kuwa pigo linalouma, au ukiona cheche, acha kutumia chaja hiyo siku hiyohiyo. Chaja bandia mara nyingi hutenganisha pande hizo mbili kwa nafasi ndogo mno, na hilo linaweza kuua.

Padi ya kugusa imekuwa ngumu kubonyea, na laptopu ikikaa mezani inayumba. Nikaze skrubu?

Usikaze chochote. Izime sasa, chomoa chaja, na usiichaji tena. Dalili hizo mbili kwa pamoja karibu kila mara humaanisha betri imevimba. Betri za laptopu nyembamba ni vifuko laini vya lithiamu vilivyolazwa chini ya padi na sehemu ya kuwekea viganja. Kimiminika cha ndani kinapochakaa hutoa gesi, gesi hukosa pa kutokea, na kifuko husukuma padi juu na kifuniko cha chini nje. Uzee, joto, na kukaa kwenye asilimia 100 miezi mingi huharakisha jambo hili.

Usibonyeze palipoinuka na usitoboe ili gesi itoke, kwa sababu hapo ndipo moto unapoanzia. Iweke juu ya kitu kisichoshika moto, mbali na mapazia na karatasi, kisha utafute fundi anayezijua betri za aina hii.

Ukiwa na uzoefu wa kufungua mwenyewe, zingatia haya. Panga skrubu mezani kwa mfuatano uleule ulivyozitoa, kwa sababu za upande wa bawaba aghalabu ni ndefu kuliko za mbele, na skrubu ndefu ikiingizwa kwenye tundu fupi hutoboa bodi. Tenganisha kiunganishi cha betri kabla ya kugusa kitu kingine. Betri iliyobandikwa kwa gundi isiinuliwe kwa bisibisi wala chuma chochote. Tumia kadi ya plastiki na usogee taratibu. Betri mpya ifanane na ya zamani kwa namba ya bidhaa na kwa volti, na uwezo wake kwa wati-saa usiwe mbali na wa zamani. Ile ya zamani ipelekwe panapokusanywa taka za elektroniki, isitupwe kwenye pipa la kawaida.

Nikiacha laptopu kwenye chaja siku nzima naua betri?

Unaichosha. Weka kikomo cha asilimia 80 kwenye programu ya mtengenezaji au kwenye BIOS (mipangilio ya msingi inayofunguliwa laptopu inapoanza kuwaka), kisha uiache kwenye chaja bila wasiwasi. Siku ya safari, ondoa kikomo. Kujua hali ya betri kwenye Windows, andika powercfg /batteryreport, kisha ulinganishe DESIGN CAPACITY na FULL CHARGE CAPACITY. Ikiwa ya kwanza ni 52,000 mWh na ya pili 41,600, umebakiwa na asilimia 80. Ikishuka chini ya hapo, anza kupanga bajeti ya betri.

Chaja ya simu yangu imeandikwa wati 67 na kichwa ni USB-C. Mbona laptopu inasema inachaji polepole?

Wati zilizoandikwa kubwa kwenye chaja ya simu mara nyingi ni za simu ya kampuni ileile tu, kwa utaratibu wao wenyewe. Laptopu huzungumza utaratibu wa Power Delivery. Chaja hutangaza inaweza kutoa volti gani, 5, 9, 15 au 20, na laptopu huchagua. Soma maandishi madogo ya chaja kwenye mstari wa pato. Ukikuta 20V na 3.25A, hiyo ni wati 65 za kweli na laptopu nyembamba nyingi zitaridhika. Ukikuta inaishia 9V na 2A, una wati 18. Laptopu itaikataa, au itachaji ikiwa imezimwa tu.

Kebo nayo ina neno. Kebo ya kawaida ya USB-C hupitisha ampea 3, yaani wati 60 kwa volti 20. Zaidi ya hapo inahitajika kebo ya ampea 5 yenye chipu ndogo inayojitambulisha. Bila chipu hiyo, hata chaja ya wati 100 itashuka hadi 60. Zipo pia kebo zinazokuja na vifaa vidogo ambazo hazina kabisa nyaya za data za kasi, na ndiyo sababu skrini ya nje haionyeshi kitu ukizitumia. Chaja kubwa kuliko mahitaji haina madhara yoyote, kwa kuwa laptopu huchukua kile ilichoomba.

Naweza kuongeza RAM kutoka GB 8 hadi 16?

Kwenye nyingi haiwezekani: RAM imelehemiwa kwenye bodi. Kwa hiyo uamuzi huu ufanyike siku ya kununua, na ushauri wetu ni GB 16 kwa yeyote anayetarajia kukaa na mashine miaka minne au mitano. SSD ni habari nyingine, kwani laptopu nyingi zisizo za Apple bado zina nafasi ya M.2, yaani tundu la kuchomekea SSD. Pima kwanza: 2280 ni upana wa milimita 22 na urefu wa 80, na 2230 ina urefu wa 30. Nunua yenye chipu upande mmoja tu, maana ya pande mbili huenda ikazuia kifuniko cha chini kufunga.

Nikianza kuhariri video inakwenda kasi, baada ya dakika chache inazorota.

Ni joto. Prosesa huruhusiwa kutumia umeme mwingi kwa muda mfupi, kisha hujipunguza kabla haijaungua. Kwa isiyo na feni, kama MacBook Air tangu ile ya M1 ya 2020, huo ndio mpangilio wake na hakuna cha kutengeneza. Yenye feni, iweke juu ya kitu kigumu, inua nyuma sentimita mbili au tatu, na usiitumie kitandani, kwa sababu hewa huingilia chini. Baada ya mwaka mmoja au miwili, fungua usafishe. Vumbi hujikusanya kati ya feni na mapezi ya shaba au alumini, kwa hiyo kupuliza kutoka nje hulirudisha tu kwenye feni. Shika panga za feni kwa kijiti unapopuliza, zisizunguke kupita kiasi na kuharibu beringi.

Skrini imepasuka na sijaidondosha. Inawezekana?

Inawezekana sana. Kati ya kibodi na kioo nafasi ni ndogo mno, na kifuniko cha kamera, chembe ya mchanga au pini ya stapla vinatosha kukipasua ukifunga. Mwaka 2020 Apple ilionya wenye MacBook wasizifunge zikiwa na kifuniko cha kamera, na kwamba kama ni lazima kiwepo, kisizidi unene wa milimita 0.1. Begi lililojaa vitabu hufanya uharibifu uleule kwa kubana mgongo wa skrini. Fungua na ufunge ukishika katikati ya ukingo wa juu, kwa sababu ukivuta kona moja, kioo hujipinda na bawaba ya upande huo hubeba mzigo wote.