Jibu: Sampuli nyingi ndiyo ufuatiliaji mzuri wa mafua?

Ndugu yangu wa Bagamoyo, umeuliza kama wingi wa sampuli unatosha kuonyesha kwamba nchi inafuatilia vizuri mafua ya msimu. Hautoshi. Mimi ningeuliza kwanza: nani anachukuliwa sampuli? Kwa WHO (Shirika la Afya Duniani), mgonjwa wa nje, yaani asiyelazwa, awe na homa ya nyuzi 38 au zaidi, kikohozi, na ugonjwa ulioanza ndani ya siku 10. Kituo kikipima kila mwenye makamasi, takwimu zinavurugika. Halafu usafirishaji: sampuli ikitoka Pangani hadi maabara ya Dar bila barafu (na joto letu hili!) yaweza kutoa jibu hasi la uongo, yaani kuonyesha hakuna mafua wakati yapo. Ripoti nazo zifike kila wiki. Huku Tanga wengi wetu tunaishia duka la dawa, na huko hatuhesabiwi.