Kabla Hujachagua Patholojia

Wanafunzi wa udaktari wanaoniomba ushauri kuhusu patholojia, yaani ubingwa wa kutambua magonjwa kwa kuchunguza vipande vya mwili na maiti, huanza karibu wote na swali la mochwari: je, nitazizoea maiti? Utazizoea. Katika wiki yangu ya kawaida maiti ni sehemu ndogo tu ya kazi. Muda mwingi niko mbele ya hadubini, nikisoma vinyama, yaani vipande vilivyotolewa mwilini, vya watu walio hai, wanaosubiri kuambiwa kama uvimbe wao ni saratani au la.

Kinachotakiwa zaidi ni tabia ya kutoridhika upesi. Miaka 5 ya shahada ya udaktari na mwaka 1 wa mafunzo kazini havikunipa tabia hiyo. Nilikuja kuipata mwanzoni mwa masomo ya ubingwa, siku vilipoletwa vikopo viwili vya vinyama vya titi, vya wanawake wenye jina moja, na namba zimeandikwa kwenye vifuniko badala ya kwenye vikopo vyenyewe. Kwa haraka ya kumaliza kazi kabla ya saa sita nilivifungua vyote pamoja, na nilipotaka kuvifunika sikuwa na hakika kifuniko kipi ni cha kipi. Fomu zote mbili zilisema “uvimbe wa titi”, basi. Nilitamani kukisia, lakini nikamwita mwalimu wangu, tukampigia simu daktari wa upasuaji, naye akakumbuka kuwa mmoja alitolewa uvimbe mzima na mwingine vipande vyembamba vya sindano. Tofauti hiyo ndiyo iliyotuokoa.

Jicho, kwa upande wake, hufundishika. Hematoksilini, dawa ya kutia rangi, huvipa viini vya seli rangi ya zambarau, eosini, dawa nyingine ya aina hiyo, huyapa mengine waridi, na baada ya kutazama vioo vingi vyenye vinyama utaanza kuhisi kisichokaa sawa kabla hujaweza kukieleza. Usitie sahihi mpaka uweze. Ujue pia kuandika, maana ripoti yenye “huenda” tatu katika sentensi moja haimsaidii mpasuaji. Na uheshimiane na wataalamu wa maabara, kwa kuwa anayekata nta iliyoshika kinyama kwa unene wa mikroni 3 hadi 5 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita) akikosea, hakuna ubingwa utakaokifufua kioo hicho.

Kama bado unasita, omba ruhusa ukae wiki moja kwenye meza ya kukatia vinyama. Fomalini, dawa ya kuhifadhia vinyama, itakuwasha macho. Ikifika Ijumaa ukawa unauliza kile kinyama cha Jumatatu kilionekanaje kwenye hadubini, peleka maombi yako.